Plastiki ya ndani ya gari: ilitoka wapi, kwa nini inapauka, na nini kinaweza kurudishwa

Tangu familia nyingi zilipoanza kuuza magari yao ili zipate kuishi, swali moja linarudi mara kwa mara kwenye simu ya redio. Tablo ya gari imepauka, imekuwa ya kijivu kama majivu, plastiki za milango zimeweka madoa meupe, na wanunuzi wanazitazama na kukata bei. Je, inawezekana kuzirudishia rangi?

Swali hilo linaonekana dogo kando ya habari tunazotangaza kila asubuhi. Lakini kwa mtu aliyetoka Masisi au Rutshuru na Corolla moja iliyojaa watoto na magodoro, gari hilo ndilo shamba lililobaki. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa Januari 2025, kwa wengine gari hilo ndiyo benki pia. Na mnunuzi akifika, hafungui kapo kwanza. Anafungua mlango, anakaa, anapitisha kidole juu ya tablo, kisha anatikisa kichwa: «Papa, hii gari imekwisha kuzeeka.» Moteri inaweza kuwa nzima kabisa, lakini bei imekwisha kuanza kuteremka.

Mafundi wa Birere watakuambia kila mmoja dawa yake. Mmoja anataja mafuta ya mawese, mwingine mazutu, mwingine kiwi ya viatu, mwingine chupa ya dawa ya kung'arisha inayouzwa kando ya barabara. Ili tujue nani anasema kweli, inafaa tujue kwanza hiyo plastiki ni kitu gani na iliingiaje ndani ya gari. Habari yake ni ndefu, na sehemu moja ya habari hiyo inaanzia hapa kwetu Kongo.

Magari ya kwanza hayakuwa na plastiki hata kidogo. Tablo yenyewe ilikuwa ubao. Kwenye magari ya kukokotwa na farasi, mbele ya miguu ya mwendeshaji palikuwa na ubao wa kuzuia tope lililorushwa na kwato, na Waingereza hadi leo wanaita tablo ya gari kwa jina la ubao ule. Gari la moteri lilipokuja, ubao ukabaki, wakaupigilia saa na vipimo. Baadaye ukawa bati lililopakwa rangi. Wazee wetu waliopanda Land Rover za misioni au Volkswagen za wakati wa ukoloni wanakumbuka tablo ya chuma: unapitisha kitambaa chenye maji, imekwisha. Ilishika kutu, ndiyo, lakini haikupauka namna hii.

Sasa twende kwenye plastiki. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilitoka Maniema na sehemu nyingine za mashariki mwa Kongo zikibebwa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa, hadi pwani na Zanzibar. Ni misafara hiyo hiyo ya akina Tippu Tip iliyotuletea lugha hii ninayoandika. Kutoka Zanzibar pembe zilipanda meli kwenda Ulaya na Marekani, zikawa vitufe vya piano, vitana, vipini vya visu na mipira ya mchezo wa biliadi. Baada ya mwaka wa 1885, wakati Léopold II alipojitwalia nchi, pembe za Kongo zikageuza njia zikaelekea Antwerp, na mji huo wa Ubelgiji ukawa moja ya masoko makubwa ya pembe duniani. Pembe moja ilitoa mipira michache tu ya biliadi, na bei ilikuwa kubwa. Ndiyo maana mwaka wa 1863 kampuni moja ya Marekani iliyotengeneza vifaa vya biliadi iliahidi zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Mtu mmoja aliyeitwa John Wesley Hyatt akaanza kujaribu, na kufikia mwaka wa 1870 alikuwa ametengeneza seluloidi, kwa kuchanganya pamba iliyopikwa katika asidi na kafuri.

Seluloidi ndiyo plastiki ya kwanza iliyouzwa sana, na ndiyo ya kwanza iliyoingia katika gari. Magari mengi ya miaka ya 1910 na 1920 yalikuwa wazi kwa juu. Mvua ikinyesha, watu walifunga mapazia ya kitambaa kando, na katikati ya mapazia hayo walishona madirisha ya seluloidi ili waone nje. Baada ya miaka michache ya jua, madirisha yale yaligeuka rangi ya manjano kama chai, yakakakamaa, yakapasuka. Kwa hiyo msidhani kwamba lawama juu ya plastiki inayopauka ni jambo la magari yetu ya okazyo. Ina zaidi ya miaka 100.

Mtu wa pili wa kukumbuka ni Mbelgiji. Leo Baekeland alizaliwa Ghent mwaka wa 1863, mtoto wa fundi viatu. Alisoma kemia, akahamia Marekani mwaka wa 1889, akatajirika kwa kuuza uvumbuzi wake wa karatasi ya picha. Mwaka wa 1907, katika maabara yake karibu na nyumba yake huko Yonkers, alichanganya fenoli na formoli (ndiyo, ile ile ya morgi), akaipika kwa joto na mgandamizo mkubwa, akapata kitu kigumu, cheusi au cha kahawia, ambacho hakiyeyuki tena hata ukikitia motoni. Akakiita Bakelite. Hii ilikuwa plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote na binadamu, bila pamba, bila pembe, bila mti.

Bakelite haipitishi umeme, kwa hiyo viwanda vya magari viliitumia haraka katika sehemu za kuwashia moteri, kisha katika vitufe na vishikio. Sisi watu wa redio tunaijua kwa njia nyingine: ndiyo ganda la zile redio nzito za zamani zilizokaa sebuleni kwa babu. Ukikutana na redio moja ya namna hiyo leo, utaona bado imesimama imara, lakini uso wake umekosa mng'ao na umekuwa kama chokaa ya kahawia. Jua limekula ngozi ya juu tu.

Miaka ya 1930 kila kiwanda kilikuwa kinajaribu kitu. Henry Ford alipenda sana soja. Alitengeneza kutokana na soja vitufe vya honi na vichwa vya mkono wa vitesi, na mwaka wa 1941 alionyesha watu gari lenye mwili wa plastiki iliyochanganywa na soja; vita vikaingia, jambo likaishia hapo. Wakati huo huo, magari ya watu wenye pesa yalitolewa na volani za plastiki yenye rangi ya pembe. Fikirini jambo hilo kidogo. Pembe ya kweli ilikuwa imemaliza ndovu na watu wa huku, na sasa matajiri walitaka angalau rangi yake mikononi. Volani zile zilisinyaa kwa jua na zikapasuka kuzunguka chuma cha ndani. Hadi leo kuna mafundi Ulaya na Marekani wanaoishi kwa kujaza nyufa zake.

Lakini tablo yenyewe ilibaki chuma kwa muda mrefu, na chuma hicho kiliua watu. Gari likigonga, kichwa na kifua vilirushwa mbele juu ya bati na vitufe vyenye ncha. Ford walianza mwaka wa 1956 kuuza, kwa anayetaka, tablo iliyofunikwa na kitu laini. Wengi hawakujali. Mwaka wa 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kilichoshtaki viwanda vya magari kwamba vinauza hatari vikijua. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya usalama wa magari, na kuanzia magari ya 1968 sehemu za ndani ambazo kichwa kinaweza kugonga zilipaswa kuwa laini za kupokea pigo. Wajapani na Wazungu waliotaka kuuza Marekani walilazimika kufuata.

Ninasimama kidogo hapa kwa sababu wengi wanadhani plastiki iliwekwa kwa ubahili tu. Ubahili ulikuwepo, na tutaufikia. Lakini ile tablo laini inayobonyea ukiisukuma kwa kidole iliwekwa ili kichwa cha mtoto kisipasuke. Mtu anayeing'oa na kuweka ubao wa mbao au bati kwa sababu «inapendeza zaidi» anairudisha gari yake nyuma ya mwaka wa 1968.

Sasa ile ngozi laini ya juu ilitengenezwa na nini? Mara nyingi ni PVC, ndugu ya yale mabomba ya maji ya kijivu mnayoyajua. Peke yake PVC ni ngumu na inavunjika. Mwaka wa 1926 Mmarekani mmoja, Waldo Semon, aligundua kwamba ukiichanganya na mafuta fulani katika moto, inakuwa laini kama ngozi ya mnyama. Hapo ndipo skai yetu ilipotoka, ile ya makochi na viti vya taksi. Tablo laini ni skai nyembamba juu ya sponji. Ulaini wake wote unatoka katika yale mafuta, na yale mafuta hayakufungwa ndani kwa kufuli. Kila siku ya jua kidogo kinatoka. Mmewahi kuona utando wa mafuta unaoshika ndani ya parabrizi, ule ambao ukipangusa na mkono unafanya mistari na usiku taa za magari mengine zinasambaa? Sehemu kubwa ya utando ule ni mafuta yaliyotoka ndani ya tablo. Na siku yatakapokuwa yametoka mengi, ngozi itasinyaa, itakuwa ngumu, kisha itapasuka, kwa kawaida kuanzia karibu na kioo.

Ubahili ulikuja hasa baada ya Oktoba 1973, wakati nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta na bei ya mafuta ghafi ikapanda karibu mara nne kwa miezi michache. Gari zito lilikuwa hasara, na plastiki ni nyepesi. Bahati nzuri kwa viwanda, plastiki mpya ilikuwa tayari. Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia walikuwa wamefungua njia ya kutengeneza polipropilini katika miaka ya 1950, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1963. Ni plastiki ya mabeseni, ya ndoo, ya viti vile vya bustani. Ni rahisi, haivunjiki upesi, na inamiminwa katika kalibu kwa sekunde chache. Kuanzia miaka ya 1980 imejaa ndani ya magari: milango, nguzo za kando ya vioo, chini ya volani, sanduku la glavu. Pamoja nayo kuna ABS, plastiki ngumu ya tablo nyingi na ya maganda ya redio na kompyuta.

Magari tunayoendesha huku mashariki ni matoleo ya wakati huo, na mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Japani. Kule, gari jipya linapewa miaka 3, kisha kila miaka 2 linapita ukaguzi wa serikali ambao ni ghali. Gari likizeeka, mwenyewe anaona ni afadhali aliuze. Linapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, linafika Goma, Bunia, Bukavu au Uvira na volani upande wa kuume, katika nchi ambayo tunaendesha upande huo huo wa kuume. Shofere anayetaka kupita lori analazimika kumwuliza abiria kama mbele ni wazi. Hayo tumeyazoea. Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba plastiki ya gari hilo ilipangiwa jua la Japani, ambako kuna majira ya baridi na jua la chini kwa miezi kadhaa.

Jua letu si hilo. Goma iko kwenye nyuzi zisizofika 2 kusini mwa ikweta, na katika mita karibu 1,500 juu ya bahari, urefu unaokaribiana na wa Bukavu. Watu husema: «Lakini huku kuna baridi, si kama Uvira.» Kweli, hewa ni baridi. Lakini kinachokata plastiki zaidi si joto la hewa, ni ile miali ya jua isiyoonekana, ile inayochubua ngozi ya mtu mweupe. Miali hiyo inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Kwa hiyo gari linalolala kwenye uwanja wa Goma linapigwa na miali mingi kuliko lile la Uvira lililo katika hali sawa, ijapokuwa la Uvira linachemka zaidi. Uvira ina joto lake, nalo linafukuza mafuta ya skai. Kila mji na ugonjwa wake. Goma imeongeza vumbi la volkeno, ambalo ni vipande vidogo vya kioo na mawe: ukipangusa tablo kavu na kitambaa kavu, unaipiga msasa.

Ndani ya plastiki mambo yanakwenda hivi. Plastiki ni minyororo mirefu sana, kama shanga zilizotungwa. Miali ya jua, pamoja na hewa, inakata nyuzi. Ngozi ya juu, nyembamba kuliko karatasi, inakuwa vumbi la shanga zilizokatika, na vumbi hilo linatawanya mwanga. Ndiyo ile rangi ya majivu mnayoiona. Rangi ya asili mara nyingi ipo bado, chini kidogo. Plastiki nyeusi inavumilia zaidi kwa sababu weusi wake ni masizi, na masizi yanameza miali kabla haijakata. Zile za kijivu na za kaki, ambazo Wajapani walizipenda sana miaka ya 1990, hazina kinga hiyo.

Sasa mtaelewa kwa nini mafuta yoyote yanaonekana kuwa dawa. Ukipaka mawese, mazutu au mafuta ya mwili, yanajaza vishimo vya lile vumbi, mwanga unapita, rangi ya chini inaonekana tena. Siku mbili, tatu. Kisha mafuta yanakauka au yanameza vumbi la barabara na tablo inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mawese yananuka na kuita mende. Mazutu na petroli ni vibaya zaidi: vinatoa nje yale mafuta ya kulainisha skai, kwa hiyo unaharakisha ufa uliotaka kuuzuia. Tena kuna familia zilizolala ndani ya magari, na nyingine zitalala tena. Msipake petroli wala mazutu mahali ambapo mtoto atavuta pumzi usiku kucha. Kiwi ya viatu inang'aa vizuri, kisha inahamia kwenye shati jeupe la abiria, na utailipa.

Chupa za kung'arisha za dukani nazo zina historia yake. Ya kwanza iliyopata jina kubwa, Armor All, ilitengenezwa California mwaka wa 1962, na tangu miaka ya 1970 ilisambaa duniani kote. Nyingi za namna hiyo zina silikoni, mafuta yasiyokauka upesi na yasiyooza. Si mbaya kama mazutu. Lakini ni mng'ao, si uponyaji, na zina hatari mbili ambazo muuzaji hasemi. Zikigusa volani au pedali, zinateleza. Na tablo inayong'aa kama kioo inarudisha jua kwenye parabrizi: ukitoka Goma kwenda Sake saa kumi alasiri, jua likiwa usoni, unaona tablo yako juu ya barabara badala ya kumwona mtu wa chukudu.

Kuna watu pia wameona kwenye simu video za plastiki ya manjano inayorudi nyeupe. Ni kweli, ipo. Mwaka wa 2008 wapenzi wa kompyuta za zamani waligundua kwamba maji ya oksijeni, yale ya kuoshea vidonda lakini makali zaidi, yakipigwa na jua yanaondoa umanjano wa ABS. Kwa gari haitusaidii sana. Inafaa plastiki nyeupe au ya kijivu hafifu iliyogeuka manjano, kitufe au ganda dogo unaloweza kulitoa nje. Tablo nyeusi itaweka mabaka. Na maji yale makali yanachoma mikono na macho.

Basi, ni nini kinachowezekana? Jibu langu, baada ya kuzungumza na mafundi na kusoma, ni kwamba shanga zilizokatika haziungiki tena. Unachoweza kufanya ni kuondoa lile vumbi la juu, kufunika kwa rangi, au kufunika kwa ngozi mpya.

Kuondoa kunaanza na maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida ya vyombo na brosi laini ya meno. Usitumie sabuni ya unga ya kukwaruza, wala majivu, wala javeli. Sugua polepole, pangusa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kisha acha ikauke siku nzima. Watu wengi watashangaa: nusu ya kile walichokiita kupauka ilikuwa ni mafuta ya zamani yaliyoshikana na vumbi. Kwa tablo laini ambayo haijapasuka, baada ya hapo tia dawa kidogo sana, iliyo na maji na isiyong'aa, uipanguse yote. Basi.

Rangi ya kupuliza (kwa Kifaransa tunaiita «bombe», neno lisilopendeza katika sehemu zetu) inafanya kazi nzuri kwenye plastiki ngumu, lakini hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Kumbukeni kwamba plastiki nyingi za milango ni polipropilini, plastiki ya beseni. Umewahi kupaka beseni rangi? Inabanduka kama ganda la ndizi. Inahitaji kwanza dawa ya msingi ya plastiki. Fundi anayekuambia haihitajiki, mwambie apake kipande kimoja kidogo, kikae siku mbili, kisha ukikwaruze kwa ukucha. Kabla ya kupaka, kipande kitolewe kwenye gari, kioshwe, kipigwe msasa mwembamba sana wa maji, kipanguswe kwa alkoli, na rangi iwekwe mara nyingi nyembamba badala ya mara moja nzito. Rangi isiyong'aa ndiyo inayofanana na ya kiwandani.

Tablo laini iliyopasuka haipakwi rangi. Ufa utarudi mwezi huo huo. Hiyo ni kazi ya mshonaji wa viti. Wapo Goma na Bukavu wanaotoa tablo nzima, wanajaza ufa, wanavuta skai mpya juu yake na kushona kingo. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na ikifanywa vizuri mnunuzi anafikiri ni gari la daraja la juu. Jambo moja la kuuliza: kama gari lina mfuko wa hewa wa usalama upande wa abiria, mahali pake pasifunikwe. Mfuko huo unapaswa kupasua tablo ili utoke, na skai nzito iliyoshonwa juu yake inaweza kuuzuia.

Kwa familia inayouza, ushauri wangu ni kuosha tu, vizuri, na kuacha. Gari safi lenye plastiki iliyopauka linasema ukweli, na mnunuzi anayejua magari analiheshimu. Tablo inayong'aa kwa mafuta, yeye ataijua kwa kidole, na atajiuliza ni kitu gani kingine kimepakwa mafuta katika moteri. Kwa anayenunua, fanyeni kinyume: chukueni kitambaa chenye maji, pangusa pembe moja ya tablo, angalieni kinachotoka. Halafu tazameni chini ya kapeti kama kuna kutu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua gari. Kupauka hakujawahi kuzuia gari kupanda Kanyabayonga.

Na kwa anayebaki na gari lake, kinga ni rahisi kuliko dawa. Kipande cha katoni nyuma ya parabrizi wakati gari limesimama, au kitenge cha zamani juu ya tablo. Kama hakuna mti, geuza mgongo wa gari kwenye jua la alasiri. Acha vioo wazi upana wa kidole pale ambapo wezi hawapo. Na ule utando wa mafuta ndani ya parabrizi, uoshwe kila juma kwa maji yenye siki kidogo na kipande cha gazeti, hasa kabla ya safari ya usiku.